Stroberi za Yotamu Zilizolala Jikoni

Yotamu wa Iyunga alijua kujisifu kunishinda hata mimi, na hilo si jambo dogo. Mwaka 1954 aliporudi kutoka Iringa, kila aliyekutana naye njiani aliambiwa: ikifika Septemba, yeye ndiye msimamizi wa bustani ya misheni, na mkewe Tusajigwe atahama kwa baba mkwe na kulala kwenye nyumba ya bati kando ya bustani hiyo. Mchungaji alitoa sharti moja tu: alete stroberi, na zichanue.

Tatizo ni kwamba katika miaka sita aliyofanya kazi kwenye bustani moja ya Kihesa, huko Iringa, Yotamu alichota maji tu. Matuta ya stroberi yalikuwa ya Ambrosi, rafiki aliyekula naye sahani moja, aliyembeba Tupokigwe, binti wa Yotamu, siku ya ubatizo. Ambrosi ndiye aliyempa miche thelathini.

"Chuna majani yote, bwana, kama marando ya viazi," Ambrosi alimwelekeza. "Na huko kwenu Juni baridi inakata masikio. Mchana toa juani, jioni rudisha jikoni, kando ya moto."

Mtu wa milimani, aliyezoea kupanda viazi vitamu kwa marando, vipande vya mashina visivyo na majani, angebishaje? Yotamu alichuna, akapanda kwenye makopo, akayapanga jikoni.

"Mimi natetemeka, majani yako yanaota moto," Tusajigwe alilalamika. "Mkeo ni nani hapa?"

"Vumilia, mama Tupokigwe. Bati linakuja."

Agosti majani mapya yakarefuka, membamba, rangi ya maziwa yaliyochakachuliwa. Ua halikuonekana hata moja. Wiki ya kwanza ya Septemba Ambrosi mwenyewe akashuka Iyunga na kikapu cha miche mifupi, mibaya ya sura, majani yameungua kwa jalidi, ule umande ulioganda usiku, lakini katikati maua meupe yamejaa. Mchungaji akayatazama, akamkabidhi Ambrosi ufunguo wa nyumba ya bati.

Yotamu alibeba mche wake na mmoja wa Ambrosi hadi kwa Liberatus, mganga wa zahanati. Liberatus akakata mizizi, akadondoshea aidini, ile dawa ya vidonda. Mzizi wa Ambrosi ukawa mweusi kama wino. Wa Yotamu ukabaki na unjano wa dawa.

"Weusi huo ni wanga, akiba ya chakula," Liberatus alisema. "Majani hukitengeneza, mzizi hukiweka. Baridi huutuliza mche, hautumii akiba ovyo, nao huandaa maua. Wako umenyang'anywa majani, halafu ukakesheshwa kwenye joto. Umejila wenyewe."

Yotamu alimkuta Ambrosi kizingitini pa nyumba ya bati.

"Zako Juni zililala wapi?"

"Nje."

"Kwenye jalidi?"

Ambrosi alichezea ufunguo. "Kwenye jalidi. Lakini ndugu yangu, nafasi ya mchota maji ipo. Nimekuombea."

Yotamu aligeuza mgongo. Alirudi nyumbani, akaanza kutoa makopo jikoni, moja moja, akiyapanga uani.

"Baba Tupokigwe," Tusajigwe alimwita taratibu, "baridi imekwisha."

"Najua," alisema, akaingia kuchukua jingine.