Uso wa Dobi, Mikono ya Dereva

Dobi wa kona ya soko la viatu alizaliwa na uso wa mtu wa kuombewa msaada. Nyusi zilikaa juu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali katikati ya usingizi. Wateja wapya walimkabidhi nguo zao kwa shingo upande. Wa zamani walijua kwamba uso ule ni kifuniko tu. Mali ilikuwa mikononi.

Mikono hiyo aliifunza mama yake, mfuaji wa nguo za watu, aliyemfundisha mwanawe kazi bila kumbembeleza. Damu, maji baridi. Kutu, limao na chumvi. Kola ya shati la shule, sabuni ya mche na subira. Nguo mpya yenye rangi usiiamini hata ikikuapia: lowesha pembe yake, ikandamize kwenye kitambaa cheupe, uone kama inachuja. Akiwa na miaka tisa pasi ya mkaa ilimbusu mgongoni mwa mkono wa kulia, ikamwachia kovu lenye ncha kama pasi yenyewe. Mama yake aliupoza mkono kwa maji, akamwambia, "Sasa umeajiriwa."

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Sasa binti alikuwa na saba, darasa la kwanza, na mashati mawili meupe ya shule. Kila jioni moja lilifuliwa, jingine likipigwa pasi. Kila asubuhi baba alimfunga vifungo kuanzia chini kwenda juu ili visipishane, kisha akamfunga nywele mafundo mawili. Hayakuwa mafundo ya kushindania zawadi, lakini yalirudi jioni yakiwa bado mafundo.

Dada mkubwa wa marehemu hakuridhika. Alikuwa na duka la vyombo, na ulimi usiopunguza bei. Tangu siku ya msiba alikuwa na neno moja: mtoto wa kike halelewi na mwanaume peke yake. Alimpa shemeji yake muda mpaka mtoto amalize darasa la kwanza, halafu angekuja kumchukua. Sasa zilibaki wiki sita.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walileta nguo za kupigwa pasi, na mama aliyekuwa akiwaongoza akamkodolea macho dobi.

"Usicheke! Kaa hivyo hivyo. Jamani, huyu hapa!"

"Huyu nani?" dobi akauliza.

"Baba tunayemtafuta. Ni tangazo la sabuni. Baba anafua nguo za mtoto wake nyumbani."

Dobi alipatana nao kama anavyopatana na muuza mkaa. Alikataa mara mbili, akarudi kwenye pasi yake mara moja, mpaka wakaongeza katoni nne za sabuni. Kitu kimoja tu hakukiuliza, nacho ni hadithi yenyewe. Hata mjanja ana siku yake ya kununua mbuzi kwenye gunia.

"Baba, utaonekana kwenye televisheni unafua?" binti akauliza jioni ile.

"Nitaonekana nafua."

"Basi mama mkubwa ataona!"

Hilo ndilo dobi alilokuwa amelifikiria alipokubali. Maneno yake mwenyewe kwa shemeji yalikuwa hayafiki mbali. Pengine televisheni ingemsemea.

Walimpeleka kwenye nyumba yenye jiko ambalo halijawahi kuunguza hata kitunguu. Hapo ndipo alipoambiwa hadithi. Mke amesafiri. Mume, maskini, ameachiwa mtoto. Anachukua shati jeupe la shule, analiloweka pamoja na taulo jekundu, anamimina pakiti nzima ya sabuni, povu linampanda hadi magotini. Shati linatoka la waridi. Mke anarudi, mkono kiunoni, anatikisa kichwa, anaokoa jahazi kwa sabuni mpya.

"Samahani, mama," dobi akasema. "Huyu baba kabla hajaoa alikuwa anafuliwa na nani?"

Wote wakacheka. "Ni mchezo tu, kaka. Watu wanaupenda."

Nayo ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe, kwenye televisheni ya kinyozi jirani yake, alikuwa amecheka miaka yote: baba anamvisha mtoto sweta mbele nyuma, baba anaunguza uji, baba anapotea ndani ya duka la dawa. Hakuwahi kuona mchezo ambao baba anapika chungu kikabaki na kitako chake. Mchezo ni mtamu ukiwa wa mwenzako.

Kamera ikawaka. Mikono ya dobi, bila kumwomba ruhusa, ikaliweka taulo jekundu pembeni.

"Kata! Changanya, kaka!"

Mara ya pili mikono ikalowesha pembe ya taulo, ikaikandamiza kwenye kitambaa cheupe. Kata! Mara ya tatu ikamimina sabuni nusu ya kiganja.

"Pakiti yote!"

"Pakiti yote itafua mtaa mzima, mama."

Mara ya nne akalishika shati, vidole vikapita kwenye kola. Lilikuwa la mtoto wa miaka saba. Kwa kola hakosei. Akalirudisha mezani.

"Nipeni pazia nitaliharibu. Nipeni hata hili nililovaa. Shati la shule la mtoto silichafui kwa makusudi."

Mama wa filamu akatazama jua linavyokwenda, akamwita dereva wao aliyekuwa akila ndani ya gari. "Wewe, unajua kufua?"

"Mimi? Mimi nafuliwa."

"Njoo haraka."

Basi ikawa hivyo: uso wa dobi, mikono ya dereva. Dereva aliharibu kwa mara moja, bila jasho. Uso nao haukuhitaji kuigiza. Waliuambia tu utazame kinachotendeka kwenye lile karai. Walipomaliza, dobi akaliomba lile shati la waridi. Wakampa, wakidhani anataka kumbukumbu.

Wiki ya tatu tangazo likatoka. Kinyozi alikuwa wa kwanza kuvuka njia. "Dobi! Nikuletee taulo jekundu?" Hilo lilikuwa la kucheka. Lakini mama mmoja aliyekuwa ameleta gauni la harusi la bintiye alikuja kulichukua kabla halijaloweshwa. "Nimekumbuka kuna dada mmoja anafulia karibu na kwetu," akasema, akiangalia sakafu. Kisha simu ikalia.

"Shemeji, nimekuona," ilisema sauti ya dada wa marehemu. "Sina hata haja ya kungoja shule ifungwe. Jumamosi nakuja na begi."

Akaja nyumbani kwao Jumamosi mchana, na begi tupu. Alikaa kwenye kiti, binti akamwamkia, dobi akamkaribisha maji. Maji hakuyagusa.

"Mimi sikuchukii," akaanza. "Lakini umejionyesha mwenyewe mbele ya nchi nzima. Shati moja la mtoto limekushinda."

"Ule ulikuwa mchezo, shemeji."

"Mchezo hauanzi bure."

Uso wa dobi ulikaa vilevile kama kwenye tangazo, na alijua hivyo. Na kama kwa kukodiwa, televisheni ndogo iliyokuwa ikiwaka kwenye kabati ikapiga wimbo wa sabuni. Povu, taulo, shati. Binti akainuka, akaweka kidole kwenye kioo.

"Mama mkubwa, hii mikono siyo ya baba."

"Siyo ya baba vipi?"

"Ya baba ina pasi." Akamshika baba mkono wa kulia, akauvuta mpaka karibu na magoti ya mama yake mkubwa. "Ona hapa. Ya kwenye televisheni haina."

Baba mtu akamgeukia. Hakuwa amemwambia kuhusu dereva. Alikuwa anaona aibu. "Umejua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni siri yako. Lakini inanifunga vifungo kila siku, baba. Nisiijue?"

Shemeji aliutazama ule mkono, ngozi iliyochakaa kwa maji, lile kovu. Akauliza taratibu, "Na shati lile?"

"Amelivaa," dobi akasema.

Kulirudishia weupe kulimchukua siku nne za kufua, maji matano, kisha jua la wiki nzima. Mwenye duka la vyombo akamvuta binti karibu, akageuza kola, akakagua pindo, akatazama kwapani, kama anavyogonga sufuria kusikia kama ina ufa. Alitafuta uwaridi. Hakuupata. Alipomaliza, kiganja chake kilibaki mgongoni mwa mtoto muda mrefu kuliko ukaguzi ulivyohitaji.

"Likizo zote ni zangu," akasema.

"Nusu."

"Theluthi mbili, na nywele nitakufundisha mimi. Mafundo haya ni aibu ya ukoo mzima."

"Nusu, na nywele unifundishe leo."

Akanywa maji. "Lete kitana."

Aliondoka jioni. Begi alilibeba tupu kama alivyokuja nalo.

Jumamosi iliyofuata likarudi kwenye kona ya soko la viatu, limejaa mpaka zipu inalia: mapazia yake meupe, yale ya sebuleni ambayo watoto wake hawaruhusiwi kuyagusa. Juu ya mapazia aliweka taulo jekundu jipya.

"Usichanganye, shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamcheka usoni.

Dobi akalowesha pembe ya taulo. Binti akaikandamiza kwenye kitambaa cheupe kwa kidole gumba, kama alivyofundishwa, akaifunua.

"Linachuja, baba."