Kufukuza Ndege Wote Isipokuwa Mmoja

Safari yangu ya kwenda Nchelenge, Zambia, ilinitoa Kongo mara mbili kwa siku moja. Mara ya kwanza ilikuwa Kasumbalesa, asubuhi na mapema, nikiwa na begi la mgongoni na sanduku la vifaa vya kutengenezea redio. Nilipofika Mufulira nikapata lori lililokuwa linapeleka kreti tupu ziwani kuchukua samaki, na dereva akanieleza kwamba njia fupi ya kwenda Mansa inapita Kongo. Ramani ya pale imekaa kama shati lililokatwa na fundi mlevi: kipande cha nchi yetu, Kongo, kimejichomeka katikati ya nchi yao. Kwa hiyo mchana nilikuwa Kongo tena, mbele ya ofisa aliyetazama mihuri yangu na kuniuliza, "Umesahau nini?" Nikamwambia sijasahau kitu. Akacheka, akasema nitakumbuka tu nikishafika mbali. Jioni tukavuka daraja la Chembe, nikatoka kwa mara ya pili.

Tulilala Mansa. Kesho yake tulifuata bonde la Luapula, tukapita Mwense na Mwansabombwe, mihogo ikiwa imeanikwa hadi ukingoni mwa lami. Nilikuwa nimesinzia pale harufu iliponiamsha, harufu ya dagaa wanaokauka juani. Nilizaliwa Kalemie, kwenye ziwa jingine, na nikamaliza sekondari huko kabla miguu yangu haijaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Nilikuwa nimeishi katika miji tisa tangu hapo. Harufu ile ilinipiga kifuani kabla sijaona hata tone la maji, nikamwambia dereva anishushe.

Nilipanga chumba Kashikishi, karibu na bandari ya mitumbwi, nikatundika ubao wa kutengeneza redio na kuchaji simu. Kazi ilikuwa ya mchana. Asubuhi zilikuwa zangu, na asubuhi nilikwenda ufukweni kutazama ndege.

Ugonjwa huo nilitoka nao shuleni. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa anatupeleka bandarini Kalemie kuona ndege waliokimbia baridi ya Ulaya, nasi tulishangaa kuwa kuna kiumbe anayekwenda mbali hivyo bila karatasi hata moja. Mwezi wa kumi, Wazungu wanapoanza kuvaa makoti na miti yao kupukutika, kwetu ni joto kali la kabla ya mvua, na ndio wakati wageni hao wanapofika. Nilikuwa na darubini niliyoichomoa kwenye rundo la mitumba Likasi. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, hivyo nilitazama kwa la kulia tu.

Mwanzoni ufuko ule ulinichanganya. Kila nilipokaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kuinua darubini, wanaume waliokuwa wanashona nyavu walizikunja haraka na kuondoka. Mmoja aliulalia wavu wake akajifanya mgonjwa. Siku ya nne mama mmoja alinijia, ufagio mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na alianika chisense, dagaa wadogo sana wa ziwa lile, karibu na mahali nilipokaa.

"Weye, unahesabu nini?"

"Ndege, mama."

"Ndege gani?"

"Wale wadogo, wanaokimbia penye maji."

Alinitazama mimi, akatazama darubini, akatazama vitwitwi watatu waliokuwa wanachokoa matope. "Ile jumele yote, juu ya bale?"

"Ndiyo, mama."

Aligeukia vibanda akapaza sauti: "Mutoke! Si mutu wa serikali wa kukamata nyavu! Ni wazimu tu!"

Wanaume wakatoka wakicheka, na yule mgonjwa akapona. Tangu siku hiyo niliitwa Papa Ndege. Mama yule alikuwa wa upande wa Pweto. Alivuka wakati wa vita, akaishi miaka mingi kwenye makazi ya wakimbizi, halafu akaja ziwani kufanya biashara ya samaki. Kila mtu pale alizungumza Kibemba, nami nilikuwa nakokota maneno yangu machache. Kusikia Kiswahili cha kwetu kinywani mwake, hata kikiwa cha kunitukana, kulinifurahisha siku nzima.

Mtu wa pili niliyemjua alikuwa mwalimu wa sekondari, Mzambia, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye baiskeli na kitabu cha ndege chenye picha. Alikuwa na daftari gumu ambamo aliandika kila aina ya ndege aliyeonekana upande ule wa ziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitutosha. Alikuwa na sheria moja: ndege hawezi kuingia daftarini mpaka ameonwa na watu wawili, na wote wawili waandike majina.

"Ukiwa peke yako unaona unachotaka, mukwai," aliniambia, yaani bwana kwa Kibemba. Alijua alichosema. Mwaka mmoja aliandika bata adimu, peke yake, akatembea na furaha wiki nzima, kumbe alikuwa bata wa jirani aliyeanguka kwenye oili ya injini.

Tuliandika pamoja mbayuwayu, buabua na vitwitwi wa aina mbalimbali. Hao wote walikuwa daftarini tayari, tulikuwa tunaongeza tarehe tu. Mimi nilitaka ndege mpya. Katika miji tisa nilikuwa nimefufua redio mamia, na hakuna mahali nilipoacha kitu cha kuonyesha kwamba nilipita. Nilitaka mstari mmoja katika daftari lile.

Ndege wangu alikuja asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, na alichagua chisense wa mama. Alikuwa mnene kiasi, mgongo wa rangi ya gome la mti, tumbo jeupe, miguu ya rangi ya chungwa. Wengine wote walidonoa. Yeye aliingiza mdomo chini ya dagaa waliogandana, akasukuma, akawapindua kama chapati, kisha akala vilivyokuwa chini. Halafu akasogea hatua moja na kupindua tena. Mama akatokea na ufagio, "Shaa!", na ndege akaruka kuelekea upande wa Kilwa, kisiwa cha ziwa lile.

Jioni mwalimu alifungua kitabu chake, nikamwonyesha picha bila kusita. Alikaa chini kabisa, kwenye mchanga. Jina la ndege kitabuni lilimaanisha mpindua mawe. Ni ndege wa pwani za bahari, anayetafuta chakula chini ya kokoto, na kumwona ziwani, mbali hivi na bahari, ni bahati ya ajabu.

"Nani mwingine alimwona?"

"Mimi tu."

"Ah, mukwai!" Alishika kichwa kama mtu aliyefiwa.

Shida ilikuwa saa. Ndege alikuja asubuhi, na asubuhi mwalimu alikuwa darasani. Jumamosi alikuja akikanyaga baiskeli kwa nguvu zote, akipiga kengele ili mbuzi wapishe njia, na kengele hiyo hiyo ikamwondoa ndege. Na siku zilikuwa zinahesabika. Mwezi wa kumi na mbili uvuvi hufungwa ili samaki wazae, hakuna wa kuanikwa mchangani, na mpindua mawe asingekuwa na cha kupindua. Nikaenda kwa mama.

"Mama, naomba usimfukuze yule mwenye miguu ya chungwa."

"Anakula samaki yangu."

"Anakula nzi na vijidudu vya chini. Mwangalie vizuri."

"Na kunguru? Naye anakula nzi?"

Akanipa ufagio kabla sijajibu.

"Bon. Fukuza weye. Bote. Ule wako, umuache. Lakini kunguru akibeba hata samaki moja, mi namufukuza ule wako wa kwanza."

Hivyo nikawa mfukuza ndege. Jaribu siku moja kufukuza ndege wote isipokuwa mmoja. Kupiga kelele huwezi, kurusha kitu huwezi, hata kusimama ghafla huwezi. Nilitambaa kwa magoti kati ya chisense, nikiwasukuma kunguru kwa bua refu, taratibu, kama mtu anayeondoa sinia mbele ya mgeni anayeendelea kula. Niligundua kwamba kunguru hapendi kutazamwa: ukimwelekezea darubini karibu, anaona haya na kuondoka. Wanawake wa vitalu vya kuanikia vya jirani waliacha kazi zao kunitazama.

"Muangalie, anafukuza na adabu!"

"Samahani papa kunguru, kama hautakasirika, utoke!"

"Papa Ndege, na bwana yangu njoo umufukuze vile, iko analala mpaka saa nne!"

Mpindua mawe alizoea. Alikuja karibu kila asubuhi, akapindua mstari mmoja wa dagaa, akapumzika. Mama alisema angalau yeye anafanya kazi, mimi natambaa tu. Kunguru hawakubeba hata dagaa mmoja, jambo ambalo mpaka leo ndilo ninalojivunia zaidi katika ajira zangu zote.

Jumamosi ya mwisho kabla ya uvuvi kufungwa, mwalimu alikuja kwa miguu, viatu mkononi. Baiskeli aliiacha mbali, kanisani. Tulilala kifudifudi nyuma ya mtumbwi. Walikuja kunguru, walikuja vitwitwi. Jua lilipanda mpaka mchanga ukatuchoma tumbo, na mpindua mawe hakuja.

"Amekwenda," mama alisema kutoka kwenye kitalu chake. "Tangu juzi hayuko." Nilijua hilo; nilikuwa nimetumaini tu atarudi.

Mwalimu akajifuta mchanga, akafunga daftari. "Pole, mukwai. Mimi nakuamini. Lakini sheria ni watu wawili."

Nilisema haidhuru. Haikuwa kweli, na nadhani ilisikika kwenye sauti.

"Na miye," mama akasema, "niko na nini hapa usoni? Vifungo?"

Mwalimu alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaketi mbele yake na kufungua kitabu kwa namna ambayo yeye peke yake angeweza kuona ukurasa.

"Ba mayo," akamwita mama kwa Kibemba, "miguu yake rangi gani?"

"Ya mafuta ya mawese. Ya leo, si ile ya kukaa."

"Mdomo?"

"Mufupi, mweusi, pa mwisho unapanda juu kidogo."

"Akiruka?"

"Njo pale anakudanganya. Akisimama, mgongo ni udongo-udongo. Akiruka, unafunguka, nyeupe hapa, nyeupe hapa." Alijigusa mabega na kiuno. "Na hasukume na mdomo tu, Ba Ticha. Anatia kichwa yote. Sawa miye nikifungua mlango na beseni mkononi."

Mwalimu alitazama kitabu, akamtazama mama, akatazama kitabu tena. Mimi, na darubini yangu, sikuwa nimeona ule weupe wa kiunoni. Mwalimu akafungua daftari, akaandika jina la ndege polepole, akanipa kalamu nikaandika jina langu. Kisha akamgeukia mama.

"Jina, ba mayo?"

Mama akakunja uso. "Jina hapana."

"Ni sheria tu, ba mayo. Watu wawili, majina mawili."

"Naliandikwa ku mpaka. Naliandikwa ku kambi. Naliandikwa ya mahindi, naliandikwa ya blanketi. Kila mara bakimaliza kuandika banasema, panda lori. Hapa mi nabaki."

Mwalimu alinitazama, nami nilijua ananisubiri nimbembeleze, maana lugha ilikuwa yetu na mstari ulikuwa wangu. Ningeweza. Maneno nilikuwa nayo. Lakini mimi kila lori nililopanda nilipanda kwa hiari.

"Kata jina langu, mwalimu," nikasema. "Funga daftari."

"Ngoja, kwanza," mama akasema. "Magunia yangu inafika Kasumbalesa. Inafikaje?"

Kila mfanyabiashara wa samaki pale ana alama yake, huishona kwa uzi wa rangi kwenye gunia, na wapakiaji wa kutoka ziwani hadi mpakani huijua kuliko wanavyojua jina la mwenyewe. Mama alichukua kalamu, akaishika kama sindano, akachora duara, akalipitisha misalaba miwili midogo. "Hii haimuhamishe mutu," akasema. "Inabeba samaki tu. Muulize mutu yeyote wa samaki, atakuambia ni ya nani."

Mwalimu aliigeuza sheria yake kichwani kwa muda. Kisha akapuliza wino ukauke.

Uvuvi ulipofungwa, mji ulinyamaza. Redio zilikuwepo bado, lakini miguu ilikuwa imeanza kuniwasha, na mimi huwa sibishani nayo. Niliondoka asubuhi moja ya wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, kwa kanta, lori dogo lililokuwa linakwenda Mansa. Sijarudi tena Nchelenge, na sidhani kama nitarudi.

Walikuja wote wawili kunisindikiza. Mwalimu alilalamika kwamba sasa hana mtu wa pili.

"Mutu wa pili ni miye," mama akamwambia. "Lakini uje mapema. Ndege hainangoje kengele ya shule."

"Ba mayo, asubuhi ninafundisha!"

"Basi ulete watoto yako ufukweni, uwafundishie pale."

Walikuwa bado wanabishana dereva alipowasha gari. Nilipanda, nikageuka kuwapungia mkono. Hawakuniona. Mwalimu alikuwa ameinua kidole juu ya maji, mama ameweka kiganja kwenye paji la uso, na wote wawili walikuwa wanatazama kitu juu ya ziwa, vinywa wazi. Nilijivuta dirishani kadiri nilivyoweza, lakini upande wangu ulikuwa wa barabara, si wa ziwa, na kanta ikakata kona.