Ratiba ya Watu Watatu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pasi alinyoosha mashuka ya hospitali. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ajira tu. Hata daktari mkuu akitaka koti lake, alichungulia dirishani mwa chumba cha dobi na kuuliza, "Mama Pasi yupo?" Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake waliufurahia: alipenda kupanga. Alipanga zamu, alipanga kabati la sabuni, alipanga hata misiba ya watu asiowafahamu vizuri, na wafiwa wakarudi baadaye kumshukuru.

Kila mwaka, katikati ya kiangazi, boila la hospitali lilizimwa siku moja ili lisafishwe. Bila boila hakuna mvuke, na bila mvuke chumba cha dobi hakina kazi. Siku hiyo ilikuwa yao watatu: Mama Pasi, Turubali na Dereva. Turubali alisimamia mashine za kufulia. Waliompa jina hilo walisema ni kwa sababu akicheka anafunika kelele za mashine zote sita, lakini mwenyewe alijua kuwa na upana wake umechangia. Dereva aliendesha gari la kukusanya nguo kutoka wodi za mbali. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, aliyefiwa na mkewe. Miaka tisa mfululizo walishinda mjini pamoja siku ya boila, wakitembea, wakiogelea, wakipanda kila kilichopandika, na kila mwaka Mama Pasi ndiye aliyeandika ratiba: wanaanza saa ngapi, wanakula wapi, na choo kiko wapi.

Mwaka huo, mwezi wa pili, bomba lilivuja nyuma ya mashine ya tatu. Mama Pasi alikuwa amekumbatia rundo la mashuka lililomfika kidevuni, hakuona maji. Aliteleza akaanguka, na fupa la paja likavunjika mahali pawili. Wakamtia chuma. Alilazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, na alipozinduka baada ya kupasuliwa, neno lake la kwanza halikuwa Mungu wala mama. Alipapasa pembe ya shuka akasema, "Nani amenyoosha hili?"

Wiki kumi na moja alikuwa mtu wa kitandani. Kisha akawa wa magongo, kisha wa fimbo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kukaa, kusimama, kugeuka, kupanda ngazi, mambo ambayo mtoto hujifunza bila mwalimu. Kufika kiangazi, aliweza kwenda dukani na kurudi, basi. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Kila sakafu iliyong'aa ilimfanya ashike ukuta.

Jumanne moja jioni, Turubali na Dereva walibisha hodi. Turubali hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Ratiba iko wapi?"

"Ratiba gani?"

"Boila linazimwa Alhamisi ya wiki ijayo. Ama umetuacha?"

Mama Pasi alitazama mguu wake, akatazama dirisha. "Nitawaandikia," akasema. "Njooni kesho."

Walipoondoka, alikaa kwenye meza ya jikoni na kalamu ya risasi. Kwa muda wa saa mbili hakusikia maumivu hata kidogo. Alipita mitaa yote kwa kalamu kama kwa miguu: hapa kuna kivuli asubuhi, hapa njia ina changarawe, pale wanauza maji baridi. Aliweka boti za kukanyaga kwenye ziwa la bustani, akaweka mnara wa zamani wa zimamoto wenye lifti, ambako mtu huona jiji zima. Aliandika, akafuta, akaandika tena kwa mwandiko safi.

Kesho yake Turubali alichukua karatasi akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Saa mbili kamili, kukutana getini mwa bustani, watu wawili. Saa tatu, boti ya kukanyaga, watu wawili. Turubali akae kushoto na Dereva aegemee kulia, boti isije ikapinduka." Akacheka mpaka vikombe vikalia mezani. Halafu kicheko kikakatika. Akarudia mstari wa kwanza kimyakimya, kisha akauliza, "Wa tatu yuko wapi?"

"Mimi nitakuwa hapa. Mtakuja kunisimulia."

"Tukusimulie?"

"Msinitazame hivyo. Nikienda nitawachelewesha. Kila hatua kumi mnisubiri, kila ngazi mnibebe. Hiyo si siku ya mapumziko, hiyo ni zamu ya wodini."

Dereva akakohoa kidogo, akamwambia Turubali, "Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye uliyefungwa."

Turubali akavuta kiti akakikalia kwa nguvu. "Basi sikiliza, na usicheke. Jumapili iliyopita tulikwenda."

"Mlikwenda wapi?"

"Kote. Bustanini, ziwani, mnarani. Tulijua utaweka sehemu hizohizo, miaka tisa tumekuzoea. Huyu alinifunga mguu kwa bendeji na miiko miwili ya kusongea, usikunjike. Akanipa fimbo ya marehemu mke wake. Nimetembea hivyo saa nne nzima, mwenzangu. Nimejua hali yako ilivyo."

Mama Pasi alitazama mmoja, akatazama mwingine.

"Mlinzi wa getini alinionea huruma akanifungulia lango la magari," Turubali akaendelea. "Nikamshukuru. Nilipofika mbele roho ikanisuta kwa kumdanganya, nikarudi kumweleza ukweli. Akaniuliza kama nimetoroka hospitali. Nikamwambia hapana, nafanya kazi hospitali. Akasogea nyuma kabisa."

Dereva hakucheka. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu juu ya meza. Ilikuwa na mwandiko wake mkubwa wa mtu asiyependa kuandika. *Geti hadi benchi la kwanza, hatua mia na arobaini. Benchi la pili lina jua, halifai. Choo cha ziwani kina kishikizo. Njia ya nyuma haina changarawe.* Na chini kabisa: *Lifti ya mnara nzima. Nimepanda mara mbili.*

Mama Pasi aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo Dereva hulala mchana, na Turubali alikuwa na wajukuu watatu na magoti mabovu.

Mwishowe aliokota kalamu. "Hilo benchi la pili," akauliza, akijifuta pua, "jua linalipiga saa ngapi?"

Aliyebaki kushawishiwa alikuwa binti yake, mwalimu wa chekechea, aliyezoea kuona hatari kila palipo na ncha kali.

"Mama, na ukianguka?"

"Nikianguka nitamwangukia Turubali. Hospitali haina godoro kama lile."

Binti alinuna siku mbili. Siku ya Alhamisi aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akamsindikiza mama yake hadi getini mwa bustani, akampa Dereva maagizo kinaganaga kana kwamba anamkabidhi mtoto wa darasa lake: kofia, maji, dawa, asiruhusiwe kubeba mkoba. Dereva aliitikia kila neno, "Sawa mwalimu, sawa mwalimu," na binti alipoondoka, aliondoka akitabasamu.

Jua lilikuwa limekwishatoka vizuri, lile la kiangazi lisilo na aibu. Walikwenda polepole. Hatua mia na arobaini, benchi. Wakapumzika, Turubali akalalamikia viatu vyake, wakaendelea. Mama Pasi aligundua jambo ambalo hakulitarajia: hakuna aliyekuwa akimsubiri. Mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wao. Dereva alisimama kutazama ndege, Turubali alisimama kuzungumza na kila mwenye mbwa, na mara mbili Mama Pasi ndiye aliyetangulia akawageukia, "Nyinyi, vipi?"

Kwenye boti alikaa kulia, Turubali kushoto, na Dereva nyuma na mikoba yote mapajani. Mama Pasi alikanyaga kwa mguu mzima, ule wa chuma ukafuata kwa hisani. Kwa kuwa upande wa Turubali ulikuwa na nguvu mara tatu, boti ilizunguka mahali pamoja kama nguo kwenye mashine.

"Punguza!" akapiga kelele Mama Pasi.

"Ongeza wewe!"

"Hii si boti, hii ni mashine ya pili ikikamua," akasema Dereva, na kwa kuwa hakuzoea kufanya mzaha, wakavunjika mbavu wote hata mwenye boti kule ukingoni akasimama kuona kuna nini.

Saa sita kasoro walifika mnarani. Mlangoni mwa lifti palibandikwa karatasi: *Mbovu. Fundi ameitwa.*

Dereva aliisoma mara tatu. Uso ulimshuka kana kwamba yeye ndiye aliyeivunja. "Jumapili ilikuwa nzima," akasema. "Naapa. Nilipanda mara mbili."

"Najua," akasema Mama Pasi. "Uliandika."

"Basi tukale," akasema Turubali haraka. "Nani anautaka mnara? Mji tunauona kila siku tukiwa chini."

Mama Pasi alikuwa anatazama ngazi. Zilikuwa za mawe, pana, zenye chuma cha kushikia upande mmoja. Kwenye ubao wa mlangoni paliandikwa kuwa ni tisini na sita. Moyo ulimwenda mbio, na si kwa hofu peke yake. Tangu asubuhi mguu ulikuwa umemtii. Akampa Dereva fimbo, akageuka akazipa ngazi mgongo, akakaa kwenye ngazi ya kwanza.

"Unafanya nini?" Turubali akamaka.

"Napanda. Mtaalamu wangu alinifundisha. Ukishindwa kwa miguu, unapanda kwa makalio."

Alikita viganja kwenye ngazi ya pili, akasukuma kwa mguu mzima, akajiinua. Moja. Akajiinua tena. Mbili. Turubali alisimama chini yake, mikono ameitanua kama lango. Dereva alitangulia juu akipangusa vumbi kwa leso yake. Watu waliokuwa wakishuka walijibana ukutani kuwapisha, na bwana mmoja aliyevaa kamera shingoni akainama kwa adabu.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Nimepoteza aibu, baba. Ukiiona huko chini usiniletee."

Ngazi ya sitini mikono ilianza kumwishia nguvu. Jasho lilimwingia machoni. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaona kote ni mbali sawasawa.

Dereva akashuka ngazi mbili, akakunja leso, akaketi kando yake. Wote walidhani anapumzika. Kisha naye akakita viganja nyuma, akajiinua ngazi moja, na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Twende," akasema.

"Wewe una miguu yako."

"Nilipofiwa na mke wangu," akasema Dereva akitazama mbele, "sikuwa na miguu. Uliniandikia ratiba ya mwezi mzima. Nani ataniletea chakula, nani atakuja kukaa nami, saa ngapi nitoke nje nikatembee hata kama sitaki. Nilikuwa naamka asubuhi kwa sababu tu karatasi imesema saa kumi na mbili. Sijawahi kukuambia." Akajiinua ngazi nyingine. "Sasa nimekuambia. Twende."

Turubali, ambaye alikuwa analia bila kujificha, aligeuka akakaa naye. "Hizi ngazi zina baridi," akasema. "Mngeniambia nije na mto." Wakapanda hivyo, watu wazima watatu, bega kwa bega, wakihesabu kwa sauti: sitini na tano, sitini na sita, na Turubali akiruka namba kwa makusudi ili wafike mapema.

Juu palikuwa na upepo. Mama Pasi alisimama akishika ukingo, na jiji likamfungukia lote: mapaa ya mabati yaking'aa, ziwa dogo kama sahani, na mbali kule bomba refu la moshi la hospitali, siku hiyo likiwa halitoi chochote. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuwaambia wenzake tangu ile Jumatano jikoni. Yote yakamtoka kichwani.

"Ahsanteni," akasema.

"Upepo," akasema Turubali. "Hatujasikia."

"Ahsanteni!"

"Hapo sawa."

Walikula mikate na machungwa waliyobeba, wakiwa wamekaa sakafuni, migongo ukutani. Hawajamaliza, mara ukuta wa nyuma yao ukanguruma, mlango ukafunguka, akatoka fundi wa lifti na sanduku lake la vifaa, akapangusa mikono.

"Tayari," akatangaza. "Mmepandaje nyinyi?"

Walitazamana, wakaangua kicheko.

Asubuhi iliyofuata Mama Pasi hakuweza kuinua mikono hata kuchana nywele. Binti yake alimchana, akigomba kwa kila pito la chanuo. Mama Pasi alimwacha agombe. Tangu mwezi wa pili alikuwa akiumwa mahali palipovunjika tu, na sasa aliumwa mabega, viganja na mbavu, kama mtu aliyetoka kazini. Alipomweleza mtaalamu wake wa mazoezi, kijana yule alishika kichwa, akamkemea, kisha akaomba amhesabie tena ni ngazi ngapi.

Alirudi chumba cha dobi miezi miwili baadaye. Hawakumrudisha kwenye pasi, walimpa kiti kirefu kwenye meza ya kukunjia, penye mwanga, ambapo aliweza kunyoosha mguu. Siku hiyo ya kwanza Dereva alileta nguo za wodi ya wazazi, akashusha mafurushi yote, akakawia mlangoni kuliko kawaida yake. Turubali alipiga kelele kutoka mashine ya tano kuuliza kama kiti kinatosha au atafute mto. Mama Pasi alipunga mkono kuwa kinatosha. Akavuta shuka la kwanza, bado lina joto, akashika pembe mbili, akaanza kukunja.