Meseji Iliyoenda kwa Simu ya Kim

Leo mashine yetu imemtumia Kim meseji.
Kim, mwenzetu wa darasa, tulimzika mwezi wa nne.

Mnajua zile loka za karakana ya chuo chetu hapa Thika, makabati unaweka PIN unachukua kazi yako? Ndio projekti yetu ya mwaka wa mwisho. Mimi ndiye niliongeza kikumbusho: kitu ikikaa sana, mwenyewe anapata meseji. Tukaiwasha asubuhi. Hakuna aliyekumbuka kupitia majina.

Saa sita, mamake Kim akaingia. Ametoka kwao Gatongora, na simu ya Kim mkononi.

"Mmesema akuje achukue kitu yake. Nimekuja."

Woi. Nikampeleka kwa loka.

Akabonyeza mwenyewe PIN iliyokuja na meseji, pole pole. Loka ikafunguka. Ndani, kile kitu cha kuzungusha sauti ya redio, Kim alikuwa amemtengenezea. Redio ya mama ilivunjika chake, hadi leo anaongeza sauti na koleo.

Nikamwambia, "Pole sana, mum. Ni makosa yangu. Nafuta jina lake saa hii."

"Wacha likae. Pengine siku moja mtaniita tena."

Ijumaa tunaonyesha projekti na jina liko hapo. Ukiona ni kosa, sema hapa chini. Lakini wewe ndiye utaenda kumwambia mama.