Mlembe Aliyetuita Majini

Ndege wa porini kwetu, upande wa Ipole, nawajua kwa jina na kwa sauti tangu nikiwa natumwa kuni. Ndiyo maana bwawa la umeme lilipojaa na kumeza bonde lote la miombo, nilitaka kujua wamekwenda wapi.

Mwanzoni niliona kama wamezidi. Miti ilikufa imesimama majini, kigogota akatoboa, hondohondo akapata mashimo ya kutagia. Nikasema, kumbe maji hayana ubaya. Lakini wale wadogo wa kivulini, wa kwenye vichaka vya mtoni, sikuwasikia tena. Badala yao wakaja mnandi na furukombe, watu wa samaki hao.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hofu yake ilikuwa juu ya mlembe tu, yule ndege wa asali, asije akapotea. Yeye ni mrina asali. Mlembe humwita, naye humfuata mti hadi mti mpaka kwenye nyuki, na akimaliza kurina humwachia ndege sega lake; akimnyima, wazee husema, siku nyingine ndege humpeleka kwa mnyama mkali. Mlembe akiacha kuita, shemeji hana kazi.

Asubuhi moja tukamsikia. Shemeji akapiga mluzi, ndege akatangulia, nasi nyuma, tukatokea ukingoni mwa bwawa. Ndege akapita juu ya maji, akatua kwenye mninga mkavu huko katikati, akaita.

"Ananipeleka kwa mamba," shemeji akasema. "Ni wewe huyo. Safari ile ulitafuna sega lote, hukumwachia hata nta."

"Nilitafuna kwa meno gani, shemeji? Haya mawili?"

Nikakinga jua kwa mkono. Kwenye tundu la ule mninga nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Ndege hakukosea njia. Sisi ndio tulioshindwa kufika.

Shemeji hakutania tena. "Nisipomwitikia, atanichoka."

Kesho yake akakata sega kwenye mzinga wake mwenyewe, akaliweka juu ya kisiki pale ukingoni. Tukakaa mbali kidogo. Mlembe akashuka, akala nta kwa raha zake, akapangusa mdomo kwenye gome. Nikawaza, sasa huyu ataelekea wapi? Atageukia msitu wa nchi kavu?

Akaruka moja kwa moja hadi kwenye ule mninga, akaita.

Shemeji akainuka, akapima maji kwa macho. Kisha akaniuliza kama namfahamu mtu yeyote mwenye mtumbwi.