Mama Wawili wa Adelheid

Ni harufu ya gundi iliyonirudisha. Juzi nilikuwa dukani Sundbyberg, hapa Uswidi, nikimnunulia binti yangu vifaa vya shule, nikafungua kifuniko kuhakikisha gundi haijakauka, kisha nikafungua tena kuhakikisha nilichohakikisha. Papo hapo nikawa na miaka kumi na moja, darasani Spånga, vidole vimegandana.

Tulikuwa tunasoma Zama za Kati. Mwalimu aligawa watu wa zama hizo kwa kura, kila mtoto na wake wa kumchunguza. Mimi nikaangukia askari wa farasi. Rafiki yangu Elin akaangukia Adelheid, binti wa kabaila wa Ujerumani, akanuna. Nikakubali tubadilishane, kwa shingo upande, tena kwa nyongeza ya andazi lake la mdalasini. Nilichomficha ni kwamba Adelheid nilikuwa nimeshamchungulia. Alifiwa na mama angali mdogo, akapelekwa kwenye nyumba ya watawa iliyoongozwa na dada mkubwa wa mama yake. Huyo ndiye aliyemfundisha kusoma, kudarizi, na kubishana na wanaume wa ukoo juu ya mashamba. Kwa Adelheid ningetoa hata andazi langu.

Maana mimi nilifiwa na mama nikiwa na miaka mitatu, nikalelewa na dada yake mkubwa. Kwa heshima ni Mama Mkubwa. Nyumbani nilimwita Mama, basi.

Kwenye mti wa ukoo wa Adelheid nikachora mama wawili. Mwalimu akatabasamu. "Mama ni mmoja. Huyu mwingine ni moster," yaani dada wa mama. Nikamwambia nimehesabu mara mbili, ni wawili. Tulivutana mpaka kengele. Adelheid akabaki na mama zake, kwa sharti kwamba mti wangu mimi, wa kubandikwa kando, uwe na kisanduku kimoja cha mama kama wa wenzangu.

Nilikiacha kitupu. Nilitaka Mama Mkubwa aandike jina lake mwenyewe, mbele ya wazazi wote, asitokee tena mtu wa kumwita moster.

Siku ya wazazi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, miguuni bado viatu vya jikoni. Akamkagua Adelheid kama anayechagua samaki.

"Huyu mtoto alikuwa anasukwa na nani?"

"Na dada wa mama yake."

"Na akiugua?"

"Huyo huyo."

"Haya. Afadhali."

Nikampa kalamu. Akakiinamia kile kisanduku, akaandika polepole jina la mama yangu: Rehema.

"Mama! Hapo ni pako!"

"Mimi unaniona kila siku, mwanangu. Huyu mwenzangu hana pengine pa kukaa."

Njia nzima hadi nyumbani nilitembea hatua kumi mbele yake. Nafasi niliyoipigania kufa na kupona, yeye kaiachia bila hata kubembelezwa. Niliona amenikataa.

Miaka mingi ikapita. Siku moja alikuwa akimwogesha binti yangu mchanga, povu hadi viwikoni, nikamsikia akisema, "Tulia, Rehema, tulia mdogo wangu." Binti yangu haitwi Rehema, wala yeye hakujua kwamba amesema. Nami nikabaki pale mlangoni na taulo, nikielewa kwamba jioni ile shuleni mimi nilikuwa nikidai mama, na yeye alikuwa akiandika jina la mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni.