Fundi, CD za Kwaya na Samli ya Mama

Leo nimemwita fundi mwizi mbele ya wateja wake. Hapa hapa Katesh.

Kompyuta yangu inakataa kuchoma CD za kwaya. Fundi akasema draivu imekufa, ninunue nyingine. Eti na RAM niongeze!

RAM na CD wapi na wapi?

Nikabeba mashine yangu, nikaondoka bila kuaga. Na fundi mwenyewe ni mzee wa kupewa shikamoo.

Kufika nyumbani, namkuta mama anapaka CD mpya samli, moja moja.

"Si ulisema unatia nyimbo humo? Chombo kipya hakitiwi kitu kabla ya kupakwa mafuta. Hata kibuyu."

Kumbe fundi alisema kweli: draivu imekufa, kwa samli.

Ila ya RAM bado simwamini.

Nani atanisindikiza kesho nikampe shikamoo yake?